Sepsisi: selule zinazotuliza kinga ya mwili zinaweza kumwokoa mgonjwa, tena zinaweza kumwacha bila ulinzi

Mikrobe inaingia mwilini kupitia kidonda, mapafu, tumbo au kizazi baada ya mama kujifungua. Kinga ya mwili inaamka na kupigana nayo. Kwa watu wengi vita inaishia hapo. Kwa wengine kinga yenyewe inapoteza mwelekeo, inaanza kuharibu mapafu, figo, ini na moyo wa mgonjwa. Hali hiyo ndiyo madaktari wanaita sepsisi. Katika vituo vingi vya afya vya mashariki mwa Kongo, watu wanaijua zaidi kwa jina la septisemi.

Hesabu zilizochapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet zinaonyesha kwamba watu karibu milioni 49 walipata sepsisi duniani mwaka 2017, na milioni 11 kati yao walikufa. Hicho ni kifo 1 kwa kila vifo 5. Wagonjwa 85 kwa kila 100 walikuwa katika inchi maskini au zenye kipato cha kati, na karibu nusu ya wagonjwa wote walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka 5.

Kwa miaka mingi watafiti waliamini kwamba mgonjwa wa sepsisi anauawa na kinga iliyowaka kupita kiasi. Walijaribu dawa nyingi za kuizima, na nyingi hazikupunguza vifo. Moja ya dawa zilizotumainiwa sana, Xigris, iliruhusiwa Marekani mwaka 2001 lakini ikaondolewa sokoni mwaka 2011, baada ya jaribio jipya kuonyesha kwamba haiokoi maisha. Sehemu ya maelezo iko katika kundi dogo la selule za damu ambazo kazi yake ni kuzuia.

Askari na freni

Katika damu kuna selule nyeupe zinazoitwa selule T. Nyingi ni askari: zinatambua adui, zinamshambulia au zinaita wengine. Lakini mwaka 1995, mtafiti Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kwamba kuna selule T za aina nyingine, zinazowazuia askari wasishambulie mwili wenyewe. Mwaka 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell, waliokuwa wakifanya kazi Marekani, waligundua jeni inayoitwa Foxp3. Jeni hiyo ikiharibika, kinga inageuka na kushambulia mwili, kwa panya na kwa watoto pia. Baadaye ikajulikana kwamba jeni hiyo ndiyo inayoongoza selule za Sakaguchi. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba katika mwezi wa kumi mwaka 2025.

Selule hizo ni kama freni za pikipiki. Dereva anayeshuka mlima bila freni ataanguka kwenye bonde. Lakini freni zikishika na kukataa kuachia, pikipiki haiendi popote, hata kama adui yuko nyuma.

Katika sepsisi mambo hayo mawili yanaweza kumpata mgonjwa mmoja. Siku za kwanza, freni zina faida: zinapunguza moto unaounguza viungo, na zinasaidia mapafu yaliyoumia kupona. Katika majaribio fulani, panya walioongezewa selule hizo walipona kwa wingi zaidi.

Kadiri siku zinavyopita, hesabu inabadilika. Sepsisi inaua selule T nyingi sana, lakini zile za kuzuia zinavumilia kuliko zingine. Watafiti wa Lyon, Ufaransa, walieleza jambo hilo mwaka 2004: kwa wagonjwa wenye sepsisi kali, sehemu ya selule za kuzuia katika damu inapanda kwa sababu askari wamekufa, si kwa sababu zenyewe zimezaliana. Mwaka 2011, watafiti wa Marekani walichunguza bandama na mapafu ya watu waliokufa kwa sepsisi, wakakuta kinga iliyochoka na kuzimika.

Ndiyo maana wagonjwa wengi hawafi siku ya kwanza. Wanavuka dhoruba ya mwanzo, familia inaanza kupumua, kisha mikrobe nyingine inawashika wakati mwili hauna nguvu ya kujibu.

Kwa nini hakuna dawa moja

Kuziondoa freni kabisa si jibu. Katika majaribio ya panya, kuziondoa mara nyingine hakukuleta faida yoyote. Njia nyingine ni kuwaongeza askari. Huko Ufaransa na Marekani, wagonjwa 27 wenye sepsisi kali walishiriki katika jaribio la dawa inayoitwa interlekini 7, na kwa waliopewa dawa hiyo selule T ziliongezeka. Jaribio hilo lilikuwa dogo mno kuonyesha kama dawa hiyo inapunguza vifo. Daktari anahitaji kwanza kujua kinga ya mgonjwa iko upande gani: imewaka au imezimika. Vipimo vya kuonyesha hilo haviko katika hospitali nyingi, hata katika inchi tajiri.

Kwa Kongo, ujumbe huo una uzito wake. Kati ya mikrobe zinazoonekana zaidi katika damu ya watoto wenye homa kali inchini kuna salmonela, ambayo inashika hasa watoto waliodhoofishwa na malaria, upungufu wa damu au njaa. Nyingine kati ya hizo zimezoea antibiotiki, hata seftriaksoni ambayo hospitali nyingi zinaitegemea.

Kinachoweza kufanyika leo

Dawa ya kurekebisha freni ikiwa bado haijapatikana, kinachookoa ni wakati: antibiotiki inayofaa ipewe mapema, kidonda au usaha uondolewe, mgonjwa asaidiwe kupumua na tansio yake ifuatwe karibu. Dalili za hatari ni kupumua mbio, kuchanganyikiwa au kulala bila kuamka vizuri, mikono na miguu baridi, na kukojoa kidogo sana. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya, au mama mwenye homa baada ya kujifungua, wapelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, bila kungoja kesho.

Kuna pia hatari inayonunuliwa kwa pesa kidogo. Dawa kama deksametazoni zinashusha kinga. Hospitalini daktari anaweza kutumia dawa za jamii hiyo kwa sepsisi kali, kwa kipimo na kwa uangalizi. Lakini mtu anayezimeza nyumbani kwa kila homa anakanyaga freni wakati mwili wake unahitaji kupigana, na homa ikishuka anaweza kudhani amepona.

Na aliyetoka hospitalini baada ya sepsisi bado hajamaliza safari. Kwa wiki na hata miezi kadhaa, kinga yake inaweza kubaki dhaifu. Amalize dawa alizoandikiwa, ale vizuri na afuate chanjo zake. Homa mpya ikianza, asiambiwe kwamba ni mabaki ya ugonjwa wa zamani: arudi kwa daktari siku hiyo hiyo.