Uhai Kwanza, Upanga Baadaye

Katika saa za mapumziko, baada ya zamu na gwaride, wapo miongoni mwetu wapendao kuketi mbele ya kompyuta na kucheza michezo ya vita. Hatuoni ubaya katika jambo hilo, maadamu kazi imetangulia. Lakini lalamiko moja husikika mara kwa mara: shujaa wa mchezaji ameua maelfu ya maadui katika hatua za mwanzo, kisha akifika mbele huangushwa kwa pigo moja tu. Leo twataka kueleza sababu yake, na mfano wetu utakuwa mchezo unaojulikana sana duniani, nao ni Diablo II.

Mchezo huu ulitolewa Marekani na kampuni ya Blizzard mwaka 2000. Mwaka 2001 ukaongezewa sehemu iitwayo Lord of Destruction, na mwaka 2021 ukatolewa upya ukiwa na picha safi zaidi. Mchezaji humwongoza shujaa dhidi ya majeshi ya mashetani, na safari yote hurudiwa katika ngazi tatu za ugumu: ya kawaida, ya jinamizi, na ya jehanamu. Tena ipo namna ya kucheza ambamo shujaa akifa mara moja hafufuki kamwe, na jasho la miezi mingi hupotea dakika ile ile. Wachezao kwa namna hiyo hawana nafasi ya kudharau kinga.

Kila apandapo cheo, shujaa hupewa alama 5 za kugawanya katika mafungu manne: nguvu, wepesi, uhai na uganga. Vijana wengi humimina karibu zote katika nguvu, kwa kuwa nguvu huongeza ukali wa upanga. Hapo ndipo wanapoanza kuchimba kaburi la shujaa wao. Kazi kubwa ya nguvu ni kumwezesha shujaa kuvaa deraya na kushika silaha aliyoichagua. Ikishatosha kwa kazi hiyo, alama zilizobaki hazina budi kwenda penye manufaa zaidi, yaani katika uhai.

Tumtazame mpiganaji aitwaye Barbarian. Kila alama anayoiweka katika uhai humpa pointi 4 za maisha. Hadi kufikia cheo cha 80 atakuwa amepata alama 395 kwa kupanda vyeo. Akiweka 250 kati ya hizo katika uhai, atakuwa amejiongezea pointi 1,000 za maisha. Sorceress, yule mwanamke apiganaye kwa moto na barafu, hupata pointi 2 tu kwa kila alama, kwa hiyo yeye anahitaji uangalifu zaidi katika kila alama anayoitumia.

Hata hivyo, maisha mengi bila kinga ni mtungi mkubwa wenye ufa. Katika mchezo huu ziko kinga nne: dhidi ya moto, baridi, umeme na sumu. Kinga huhesabiwa kwa asilimia, na kwa kawaida mwisho wake ni 75. Shujaa aingiapo ngazi ya jinamizi hukatwa 40 katika kila kinga, na katika ngazi ya jehanamu hukatwa 100. Ndiyo maana aliyetamba mwanzoni huanguka baadaye: mavazi ni yale yale, lakini kinga yake imekwisha kuliwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme adui anatupa moto wenye madhara ya 400. Mwenye kinga ya 75 ataumia kwa 100 tu. Asiye na kinga yoyote ataumia kwa 400 kamili. Ambaye kinga yake imeshuka hadi 100 chini ya sifuri ataumia kwa 800. Moto ni ule ule, lakini wa tatu anaumia mara nane kuliko wa kwanza.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalitambui. Kupanda kutoka kinga ya sifuri hadi 5 hupunguza madhara hayo kutoka 400 hadi 380, yaani sehemu moja katika ishirini. Kupanda kutoka 70 hadi 75 huyapunguza kutoka 120 hadi 100, yaani sehemu moja katika sita. Kwa hiyo hatua tano za mwisho zina thamani kuliko tano za mwanzo, na aishiaye njiani kwa kudhani kuwa zinatosha hujinyima faida iliyo kubwa kuliko zote.

Kadhalika tuwalinganishe wapiganaji wawili. Wa kwanza ana maisha 1,000 na kinga ya moto ya 50. Wa pili ana maisha 800 na kinga ya 75. Wa kwanza ataanguka baada ya kutupiwa moto wa jumla ya 2,000. Wa pili, ambaye kwa macho aonekana dhaifu, atastahimili hadi 3,200.

Kinga hizi hutafutwa wapi? Kumwokoa Anya, mateka aliyegandishwa katika barafu, huongeza 10 kwa kila kinga katika kila ngazi, jumla 30. Basi katika ngazi ya jehanamu hubaki 145 za kutafutwa katika mavazi, pete, hirizi na ngao. Almasi iliyo safi kabisa ikipachikwa katika ngao huongeza kinga zote nne kwa 19.

Twatoa pia tahadhari juu ya tarakimu ya ulinzi iandikwayo kwenye deraya. Tarakimu hiyo hupunguza uwezekano wa silaha ya adui kukupata. Haipunguzi ukubwa wa pigo likishakupata, wala haizuii moto wa kichawi. Tena shujaa anapokimbia, ulinzi huo huhesabiwa kuwa si kitu. Ngao yaweza kuzuia hadi mapigo 75 katika 100, lakini hilo lahitaji wepesi unaoongezwa kadiri cheo kinavyopanda, na akikimbia uwezo wa ngao hushuka hadi theluthi moja. Akimbiaye ovyo katikati ya adui amevua deraya yake kwa hiari.

Tangu mwaka 2010 mchezo humruhusu mchezaji kugawanya upya alama zake, lakini nafasi hizo ni chache. Kwa hiyo utaratibu na uwe huu: nguvu ya kutosha kuvaa na kushika silaha, wepesi kwa anayetegemea ngao, alama zilizobaki katika uhai, na kabla ya kuvuka kuingia ngazi mpya, kinga zote zikaguliwe kama silaha zikaguliwavyo kabla ya doria.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Upanga mkali humfaa aliye hai kuushika, na shujaa aliyesalia kwa dakika tano zaidi uwanjani atapata nafasi ya kupiga mapigo mengi ambayo mwenzake, aliyeanguka kwa pigo la kwanza, hatayapiga kamwe.