UMEGONGWA, GARI LIMEINGIA MITINI: FIDIA UTAIPATAJE?



Kuna neno nalisikia sana vijiweni, kuanzia Kahama mpaka Katoro: "Gari limeshakimbia, mwachie Mungu." Mungu yupo, ila sheria nayo ipo. Watu wetu wanapoteza haki kwa kutojua waanzie wapi, na leo nataka tuliongelee hilo.

Barabara zetu mnazijua. Tinde, Isaka, Kahama, Ushirombo mpaka Rusumo ni malori ya transiti usiku kucha. Huku kwenye dhahabu, Nyarugusu, Kakola, Rwamgasa, ni Fuso zilizojaa mawe na vumbi mpaka hulioni gari la mbele. Mtu anagongwa saa nne usiku, dereva anaogopa kipigo cha wananchi, anakula kona. Kama ni kuogopa, si aende moja kwa moja kituo cha polisi? Kugonga na kutokomea ni kosa la jinai.

Sasa tuelewane kuhusu bima. Sheria ya Bima ya Magari (Sura ya 169) inalazimisha gari linalotembea barabarani liwe na bima, angalau ile ya mtu wa tatu. Huyo mtu wa tatu ndiyo wewe: mtembea kwa miguu, mwenye baiskeli, mama mwenye ndoo kichwani. Na bima inashikamana na gari. Huhitaji kujua jina wala sura ya dereva, unahitaji NAMBA. Kwa namba TRA wanaonyesha mmiliki, na mfumo wa TIRA unaonyesha kampuni iliyotoa stika.

Kwa hiyo hatua ziko hivi:

1. Majeruhi kwanza. Kama hali ni mbaya, mkimbize hospitali, PF3 itafuata. Lakini hiyo PF3 lazima ipatikane, maana ndiyo inaunganisha majeraha na ajali.

2. Ripoti polisi mapema, siku hiyo hiyo kama inawezekana. Trafiki wapime na kuchora ramani ya tukio kabla mvua na magari mengine hayajafuta kila kitu. Omba namba ya RB, iandike.

3. Tafuta mashahidi. Namba nzima hukuipata? Herufi tatu za mwisho zinasaidia. Rangi ya kibao pia: cheupe ni gari la biashara, cha njano ni la mtu binafsi. Vipande vya taa vilivyobaki barabarani wape polisi.

4. Tunza kila risiti: dawa, picha za eksirei, nauli za kwenda Bugando, kila kitu.

5. Kesi ya trafiki ikiisha, chukua nakala ya hukumu. Mahakama yenyewe inaweza kuamuru mshitakiwa akulipe fidia, na hukumu hiyo utaitumia pia kudai bima.

Nitoe mfano wa nyumbani. Mtoto wa mama yangu mdogo aligongwa mwaka 2019 akirudi na baiskeli kutoka machimboni, mguu ukavunjika sehemu mbili. Canter haikusimama. Muuza mahindi ya kuchoma alishika herufi za mwisho. Siku mbili baadaye fundi mmoja wa gereji akaona Canter yenye herufi zile, taa ya kushoto hamna, akawaambia trafiki. Ikakamatwa.

Mwenye gari akaja nyumbani na laki tatu pamoja na karatasi: "Sina madai yoyote tena." Mama mdogo alishashika kalamu, maana ndani hakukuwa na unga. Mjomba akamwambia, "Mdogo wangu, weka kalamu chini." Kuweka chuma mguuni peke yake kulizidi hiyo laki tatu. Kampuni ya bima ilizungusha miezi 11, lakini ililipa. Dogo leo anatembea, ana kibanda chake cha simu.

Karatasi ya namna hiyo usisaini kabla daktari hajasema matibabu yameisha.

Kuna mazingira mengine ya kujua:

- Lori la Rwanda, Burundi au Kongo: ulizia Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ilibaki kwenye mpango huu wa bima, na hapa nchini unasimamiwa na NIC. Siyo lazima uende Kigali.
- Gari la serikali: kabla ya kufungua kesi unatoa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu.
- Uligongwa ukiwa kazini: mwajiri atoe taarifa WCF, mfuko ulioanza kazi 2015. Huko hata gari lisipojulikana unaweza kulipwa.
- Aliyegongwa amefariki: familia ifungue mirathi, msimamizi ndiye adai.

Muda wa kufungua kesi ya madai ya ajali ni miaka 3. Kampuni ikikuzungusha, peleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO). Jihadhari na vishoka wanaotaka nusu ya fidia; wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017 na msaada wao ni bure.

Na gari lisipojulikana kabisa? Hapo Sura ya 169 inakosa pa kushika, maana hakuna bima ya kudai. Afrika Kusini wana mfuko unaotokana na tozo ya mafuta, unawafikia hata waliogongwa na gari lisilojulikana. India tangu Aprili 2022 familia ya aliyeuawa na gari lililokimbia inalipwa rupia 200,000, majeruhi mahututi 50,000. Sisi mafuta tunanunua kila siku, na tozo tunalipa. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize hilo.

Nawasilisha.