Gari Kongwe la Chama na Betri Isiyojaa



Miongoni mwa madai ya matengenezo yanayofikishwa mbele ya kamati za vyama, hakuna linalopitishwa kwa haraka kama la betri. Gari limeshindwa kuwaka alfajiri, vijana wameitwa kulisukuma, dereva amesema betri imekufa, na kikao kinachofuata kimeidhinisha ununuzi wa nyengine. Baada ya wiki chache gari linasukumwa tena. Yafaa ieleweke kwamba betri, aghlabu, inaumia kwa maradhi yaliyo pahala pengine katika gari, na maradhi hayo yanaweza kutafutwa kwa mita ya bei nafuu na saa moja ya subira, kabla fedha za wanachama hazijatoka.

Tunazungumzia hasa Land Rover za Series II na IIA, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1958 hadi 1971. Zile za petroli zilikuja na dainamo ya Lucas, na kisanduku cha kudhibiti umeme ambacho mafundi wetu hukiita katauti. Kwa malori ya Bedford ya zama hizo yenye dainamo, kanuni ni hiyo hiyo, ila mtazame kwanza kama gari ni la volti 12 au 24.

Kwanza ni hesabu. Dainamo ya aina ya C40, iliyofungwa katika mengi ya magari hayo, hutoa ampea 22 na si zaidi, tena pale tu inapozungushwa kwa kasi. Injini ikiwa inanguruma polepole, haitoi kitu cha maana. Taa mbili kubwa za wati 45 kila moja hula ampea saba na nusu. Taa ndogo, mfumo wa cheche na kifuta kioo huongeza nyengine saba au nane. Zinabaki saba za kurudisha kilicholiwa na stata. Sasa litazameni gari linalotoka Malindi magharibi, limewasha taa, likasimama na kwenda, kwenda na kusimama, mpaka lipite Darajani kuelekea Mwanakwerekwe. Safari hiyo yote betri inatoa akiba bila kuwekewa. Likiwa limefungwa redio kubwa na taa za ziada, hapana betri itakayostahimili, hata ingelikuwa mpya ya jana. Gari hilo hilo likipelekwa Nungwi au Makunduchi mchana, litarudi na betri iliyojaa. Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, katibu afungue daftari la safari aone gari limekuwa likienda wapi, na saa ngapi.

Jambo la pili ni chumvi, na hapa kisiwa chetu kina hali yake. Umeme utokao katika dainamo hurudi kwa njia ya bati la gari, chasisi na ule waya mnene wa ethi unaofunga betri kwenye chasisi. Ukulima wa mwani wa biashara ulipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, magari ya pwani ya mashariki yalipata mzigo mpya ambao hata ukiwa mkavu hubeba chumvi. Maji ya chumvi yakidondoka kwenye bolti ya ethi, kutu huingia baina ya chuma na chuma pasipoonekana. Kwa nje bolti imekaza. Kwa ndani njia imezibika.

Kipimo chake ni rahisi. Washa injini iende mwendo wa kati, taa kubwa ziwe zimewaka. Waya mmoja wa mita uguse mwili wa dainamo, wa pili uguse kichwa cha betri kilichofungwa kwenye chasisi, kichwa chenyewe na si kibanio chake. Sindano isitikisike sana. Ikionyesha zaidi ya theluthi moja ya volti, ethi ni mbovu. Fungueni, sugueni kwa msasa mpaka chuma king'ae, fungeni, kisha pakeni grisi. Ukungu mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri huoshwa kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, vifuniko vikiwa vimefungwa ili magadi yasiingie ndani. Katika uzoefu wetu, kazi hii isiyo na gharama hutibu magari mengi kuliko vipuri vyote vya dukani.

Mkanda wa feni usisahauliwe. Ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu, uzame kiasi cha upana wa kidole, usizidi. Mkanda uliong'aa kama kioo upande wa ndani huteleza hata ukikazwa.

Haya yote yakiwa mazima, ndipo ipimwe dainamo yenyewe. Ondoeni nyaya zake mbili, unganisheni vituo vyake viwili kwa kipande cha waya mtupu, kisha mita iwekwe baina ya waya huo na mwili wa gari. Injini iongezwe kidogo kidogo. Sindano ipande moja kwa moja bila kusitasita. Ikifika volti 20 punguzeni mara moja. Isipopanda kabisa, tazameni kaboni, kwani pengine zimekwisha au zimekwama. Ikisimama kwenye volti moja, koili za sumaku zina kasoro. Ikisimama kwenye nne au tano, amecha ndiyo mbovu na hiyo ni kazi ya fundi wa kusuka. Dainamo ikiwa nzima na betri bado haijai, mshukiwa ni katauti au nyaya zinazoifikia. Tahadhari: kipimo hiki ni cha dainamo peke yake. Alteneta isifanyiwe hivyo kamwe, wala isifunguliwe betri injini ikiwa inakwenda.

Betri nayo ina haki ya kuhojiwa. Baada ya kulala usiku mzima, iliyojaa husoma volti 12.6, nusu husoma 12.2, chini ya 12 ni tupu. Betri iliyoachwa tupu kwa majuma hujenga ukoko mgumu juu ya bati zake za risasi, na hapo haponi tena. Katika giza la mwaka 2008, na lile la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009, kisiwa kizima kilikosa umeme, na pasipo jenereta hapakuwa na pa kuchajia. Gari ambalo dainamo yake ilikuwa nzima lilijitegemea.

Kwa hiyo Ndugu Katibu, ombi la betri lisipelekwe kwenye kamati bila namba tatu zilizoandikwa kwa mkono wa fundi: volti za asubuhi kabla ya kuwasha, volti injini ikienda mwendo wa barabarani taa zikiwa zimezimwa, na volti hizo hizo taa zikiwa zimewaka. Namba ya pili iwe 14 na ushei. Ikibaki 12, chaji haifiki. Ikipita 15 na kukaa huko, katauti inaichemsha betri na kuikausha maji yake.

Wapo wanaoshauri dainamo ing'olewe na kufungwa alteneta. Kwa gari linalofanya kazi usiku ushauri huo ni mzuri, lakini mengi ya magari ya kabla ya mwaka 1967 yamefungwa chanya ya betri kwenye chasisi, na alteneta ya kawaida ikiunganishwa hivyo itaungua papo hapo. Upande wa betri ugeuzwe kwanza, na waya wa ethi ununuliwe mpya siku hiyo hiyo, kwani ule ulioshindwa kupitisha ampea 22 hautaweza kupitisha 34.