Kwenda Idjwi: ni mwezi gani mzuri wa kuvuka ziwa na kupanda milima?

Kila mwaka, mavakansi makubwa yakikaribia, swali ni lile lile katika nyumba nyingi za Goma na Bukavu: twende Idjwi lini? Kuko wenye kwenda kusalimia wazazi. Kuko wenye kwenda kwenye arusi ao matanga. Kuko wamama wenye kufuata ananasi na maharagi, na kuko pia wachache wenye kwenda kutembea tu, kuona kisiwa chenye wamesikia habari zake tangu utoto.

Kwa wote, jibu la haraka ni moja: «Nenda kiangazi, hakuna mvua.» Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Kiangazi kina upepo wake. Na mvua nayo iko na wiki zake za kupumua. Mwenye kuchagua mwezi bila kujua ziwa anaweza kujikuta amekwama kwenye bandari, ao mubaya zaidi, katikati ya mawimbi pamoja na watoto.

Kisiwa chenye milima, si kipande cha mchanga

Idjwi ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Kivu. Katika maziwa ya Afrika, ni Ukerewe tu, kule Ziwa Victoria upande wa Tanzania, ndicho kinakizidi. Ni teritware nzima ya Kivu Kusini, yenye sheferi mbili: Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Makao ya teritware iko Bugarula.

Kisiwa kiko karibu digri 2 kusini ya ikweta, fasi ambapo mtu angetegemea joto kali. Lakini maji ya Ziwa Kivu yenyewe yako kwenye mita karibu 1,460 juu ya bahari, na milima ya Idjwi inapanda mpaka kupita mita 2,000. Njo maana kule hakuna miezi ya joto na miezi ya baridi kama Ulaya. Mchana ni joto la kiasi mwaka mzima, usiku kunakuwa baridi kidogo, na ukipanda mlima unahitaji koti hata mwezi wa Februari. Kwa hiyo kinachotofautisha miezi ya Idjwi si joto. Ni mvua, upepo na chakula.

Mvua inatoka wapi

Karibu na ikweta, mkanda wa mawingu ya mvua unafuata jua. Jua likielekea kusini, mkanda unapita juu ya Kivu. Likirudi kaskazini, unapita tena. Njo maana mvua inapiga sana mara mbili kwa mwaka: Oktoba mpaka Desemba, kisha Machi mpaka mwanzo wa Mai. Kati ya hizo mbili, Januari na Februari, kuko nafasi fupi ya jua. Kisha Juni, Julai na Agosti mkanda uko mbali kaskazini, na Kivu inakauka.

Milima inaongeza kazi. Hewa yenye maji inasukumwa juu na milima ya pande zote mbili za ziwa, inapoa na kumwaga mvua. Radi nazo ni nyingi kupita kiasi. Utafiti wa satelaiti uliotolewa mwaka 2016 uliweka eneo la Kabare, ngambo ya magharibi ya kisiwa, nambari ya pili ulimwenguni kwa wingi wa radi. Ni ziwa moja tu la Venezuela, Maracaibo, linalolipita. Mtu aliye ndani ya mtumbwi katikati ya maji ndiye kitu kirefu kuliko vyote hapo. Hana mti wala nyumba ya kumkinga.

Mwaka wa Idjwi, kipindi kwa kipindi

*Septemba mpaka Desemba.* Mvua inaanza polepole, kisha inakaza. Wakulima wako ndani ya sezoni A: kulima, kupanda, kupalilia. Barabara za kisiwa ni za udongo, na motari anayekuombea bei ya kawaida mwezi wa Julai ataongeza mwezi wa Novemba, tena kwa haki, juu matope yanakula breki na wakati. Wengi wanavuka kwa ajili ya Noeli. Wafanye hivyo, lakini waache siku mbili ao tatu za akiba, wasipange kurudi kazini siku ile ile ya mwisho.

*Januari na Februari.* Hiki ndicho kipindi ambacho watu wengi wanakisahau, na ni kati ya vipindi vizuri. Mvua inapungua, majani bado ni mabichi, maharagi ya sezoni A yametoka shambani. Hewa imesafishwa na mvua za Desemba, kwa hiyo asubuhi mtu akiwa juu ya mlima anaweza kuona mbali: volkano za Virunga kaskazini, milima ya Kahuzi upande wa magharibi, vilima vya Rwanda upande wa mashariki. Shida ni kwamba jua hili ni fupi, na mvua inaweza kurudi bila kupiga hodi. Pia watoto wako masomoni.

*Machi mpaka Mai.* Kisiwa ni kijani kibichi, na kahawa inaanza kuiva. Mwenye kupenda kuona kazi ya kahawa, kuchuma, kumenya, kuosha na kuanika, huu ndio wakati wake. Lakini ni wakati wa hatari kwa njia. Udongo umeshiba maji, na kilima kinaweza kuteremka hata mvua ikikaribia kuisha. Watu wa Kalehe hawajasahau tarehe 4 Mai 2023, wakati maji na matope yalipofunika Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400. Ilikuwa Mai, mwezi ambao wengi wanasema «mvua imeenda sasa».

*Juni mpaka Agosti.* Kiangazi. Njia ni kavu, vilima vinapandika, moto inafika fasi ambazo mwezi wa Aprili ni za miguu tu. Arusi ni nyingi. Lakini Juni na Agosti si ndugu mapacha. Juni hewa bado ni safi. Kadiri kiangazi kinavyoendelea, vumbi na moshi wa majani yanayochomwa vinajaa hewani, na kufika Agosti volkano zinaweza kupotea machoni wiki nzima. Mtu aliyekuja kwa ajili ya kuona mandhari atarudi na picha za ukungu.

Upepo: saa ina uzito kama mwezi

Ni hapa ambapo wageni wanakosea. Kiangazi hakuna mvua, lakini ndicho wakati pepo za kutoka kusini-mashariki zinavuma kwa nguvu juu ya ziwa. Ziwa Kivu ni refu kutoka kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo upepo huo unapata nafasi ndefu ya kukimbia juu ya maji na kukuza mawimbi. Anga inaweza kuwa ya bluu bila wingu hata moja, na bado mtumbwi ukarushwa kama kikapu.

Kwa wakati wa mvua hatari ni nyingine: dhoruba ya ghafla. Mawingu yanajikusanya mara nyingi baada ya saa sita za mchana, upepo unageuka, na ndani ya dakika chache ziwa linabadilika.

Misimu hii miwili inafundisha jambo moja: vuka asubuhi. Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu ao saa ine, maji huwa yametulia kuliko mchana. Mtu aliyechelewa sokoni akafika bandarini saa nane, na wingu jeusi liko upande wa Kalehe, afanye hesabu vizuri. Kulala usiku mmoja kwa jamaa ni gharama ndogo. Haraka haraka haina baraka, na juu ya maji neno hilo si mchezo.

Mwenyeji anakula nini mwezi huo?

Kuko jambo ambalo vitabu vya watalii haviandiki, lakini kila mwana-Idjwi analijua. Kuna miezi ambapo nyumba iko na chakula na miezi ambapo haina.

Maharagi ya sezoni A yanavunwa Desemba na Januari. Ya sezoni B yanavunwa Juni na Julai, wakati mmoja na mtama. Baada ya mavuno, mgeni anapokelewa kwa furaha: bugali, maharagi, sombe, na kasiksi kwa wenye kunywa. Lakini Oktoba na Novemba, mbegu zimeingia ardhini na mavuno bado. Akiba inaisha. Mgeni akifika na watoto watano kwa wiki mbili, mwenyeji hatasema kitu. Atakopa, ao atatoa kile alichokuwa ameweka kando.

Wazee wanasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika miezi ya njaa, methali hiyo ni ya kuchukua kwa neno lake. Mwenye kuvuka Novemba abebe unga, mafuta, chumvi na sabuni. Si kujionyesha, ni kusaidia nyumba kusimama mpaka Desemba.

Angalia pia mwezi wa angani

Mwenye kutaka sambaza mbichi asiangalie kalenda tu, aangalie na mbingu. Samaki huyu mdogo si mwenyeji wa zamani wa Ziwa Kivu: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo analisha miji yote ya kandokando. Wavuvi wanamvuta usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mzima, ziwa lote linang'aa na taa haina nguvu tena, samaki wanatawanyika na bei inapanda. Usiku wa giza ndio usiku wa sambaza. Kwa hiyo ndani ya mwezi mzuri uliouchagua, chagua pia wiki yenye mwezi mdogo. Pamoja na chakula, utaona taa za wavuvi zimepangwa juu ya maji kama mji mwingine.

Msimu mzuri hauokoi bato lililojaa

Hata hivyo, ni vizuri kusema wazi: mwezi mzuri pekee haulindi mtu. Aprili 2019, bato lilizama upande wa Kalehe na watu zaidi ya 100 hawakuonekana tena. Baada ya msiba huo, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba kila abiria wa ziwa lazima avae jile ya kuokolea. Tarehe 3 Oktoba 2024, bato lingine lililotoka Minova lilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiliangalia kutoka ng'ambo. Lilikuwa limebeba watu na mizigo kupita kiasi.

Njo maana swali la «mwezi gani» linapaswa kufuatwa na swali la «bato gani». Jile zinatosha watu wote, na za watoto ziko? Mizigo imefika wapi? Maji yako mbali na ukingo ao yanaukaribia? Abiria ana haki ya kushuka kabla kamba haijafunguliwa, hata kama amekwisha kulipa. Franka zinatafutwa tena.

Vivyo hivyo kwa usalama wa njia. Hali ya bandari na safari inaweza kubadilika kutoka wiki moja mpaka nyingine. Kabla ya kutoka, mtu apige simu kwa jamaa walio kisiwani na aulize bandarini, asitegemee habari za mwezi uliopita.

Kwa ufupi

Kwa familia yenye watoto wa shule, wakati mzuri ni mwanzoni mwa mavakansi, Julai mapema, kabla vumbi halijazidi na upepo haujachoka kucheza. Kuvuka iwe asubuhi.

Kwa mtu asiyefungwa na shule, wiki za katikati ya Juni ao zile za mwisho wa Januari mpaka Februari zinapita zote: chakula kiko, njia inapitika, na milima inaonekana.

Kwa mfanyabiashara wa kahawa, Machi mpaka Juni hakuna kuchagua. Achague siku na saa, na aache nafasi ya kungoja.

Kwa aliyeitwa na matanga, hakuna msimu. Huyo naye asikubali kupanda bato lililojaa juu ya huzuni. Nyumba iliyompoteza mtu mmoja haihitaji kumpoteza wa pili.