Kabla ya kununua kamera, uliza kwanza bei ya lenzi

BIASHARA ya picha za harusi, mahafali na mikutano imekuwa kimbilio la vijana wengi wenye mitaji midogo. Hata hivyo, wengi hukwama mapema kwa kosa moja la hesabu: hutumia karibu fedha zote kununua kamera, na suala la lenzi huliacha kwa siku nyingine. Kamera ndiyo inayong'aa kwenye kabati la duka. Lenzi ndiyo inayotengeneza picha, na mara nyingi ndiyo inayobaki mkononi mwa mwenyewe baada ya kamera kuuzwa na kubadilishwa mara mbili.

Kosa hilo linauma zaidi sasa kwa sababu soko lenyewe limegeuka. Takwimu za chama cha watengenezaji kamera cha Japani, CIPA, zinaonyesha kuwa mwaka 2010 viwanda vilitoa kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa chini ya milioni 8. Simu za mkononi zimelimeza soko la kamera ndogo za bei nafuu, na kampuni zimebaki kuwategemea wateja wachache walio tayari kulipa zaidi kwa kila kifaa.

Katika kilichobaki, kamera zisizo na kioo cha ndani cha kurushia taswira machoni ndizo zilizotawala. Mwaka 2020 ulikuwa wa kwanza kwa kamera hizo kutolewa kwa wingi kuliko zile za zamani zenye kioo. Mabadiliko hayo yalikuja na lenzi mpya na bei mpya, na kwa mnunuzi mdogo ndipo penye mtego.

Mwanga una bei yake

Lenzi ya zumu ni ile inayoweza kuvuta taswira karibu na kuirudisha mbali bila mpiga picha kusogea. Kwa kazi za ukumbini, iliyozoeleka ni ya kati, yenye kipimo cha kuanzia milimita 24 au 28 hadi 70 au 75. Kwa upande mpana hupiga familia nzima iliyojipanga mbele ya meza kuu, na kwa upande wa kuvuta hupata uso wa bibi harusi peke yake.

Kamera nyingi huuzwa na zumu ya bei ya chini ndani ya boksi lake. Kamera ya Sony A7 III, kwa mfano, ilipotoka mwaka 2018 iliuzwa Marekani kwa takriban Dola 2,000 ikiwa tupu, na takriban Dola 2,200 pamoja na lenzi ya milimita 28 hadi 70. Kwa nyongeza ya Dola 200 mteja huona amepata bahati.

Siri iko kwenye namba ya tundu la mwanga. Kadiri namba hiyo inavyokuwa ndogo, ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi hiyo ya boksi huanza na f/3.5, lakini ikivutwa mpaka mwisho tundu lake hupungua hadi f/5.6. Lenzi ya f/2.8 inayobaki hivyo hivyo mwanzo hadi mwisho huingiza mwanga mara 4 zaidi pale pale ambapo ile ya boksi imefika f/5.6.

Mchana uwanjani tofauti hiyo haimsumbui mtu. Usiku ukumbini, taa zikiwa zimepunguzwa na MC akiita ndafu iingie, ndiyo tofauti kati ya picha safi na picha ya chengachenga. Pale mwenye f/2.8 anapopiga kwa ISO 3200, mwenye f/5.6 hulazimika kupanda hadi ISO 12800, au apunguze kasi na kupata watu waliotikisika. Flashi husaidia kwa walio karibu, ila haifiki kila kona ya ukumbi. Nayo kamati ya harusi hailipi salio kwa furaha ikikuta sura hazionekani.

Bei iko mlangoni

Baada ya kukubali kwamba f/2.8 inahitajika, mteja hukutana na bei. Zumu ya Sony yenyewe ya daraja la juu, milimita 24 hadi 70 kwa f/2.8, ilitoka mwaka 2016 kwa takriban Dola 2,200. Toleo la pili la mwaka 2022 lilitoka kwa takriban Dola 2,300. Lenzi moja inagharimu zaidi ya kamera.

Lakini mwaka huo huo wa 2018 kampuni ya Tamron ilitoa lenzi ya milimita 28 hadi 75 kwa f/2.8 iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera hizo za Sony, kwa takriban Dola 800. Ilikuwa na uzito wa gramu 550, wakati ile ya Sony ya 2016 ilikuwa na gramu 886. Sigma nayo iliingia mwishoni mwa 2019 na lenzi ya 24 hadi 70 kwa Dola 1,100, kisha mwaka 2021 ikaleta nyepesi ya 28 hadi 70, yenye gramu 470, kwa Dola 900. Mwaka huo huo Tamron ikaiboresha yake na kuitoa kwa Dola 900.

Kwa nini bei zilishuka kiasi hicho? Jibu halimo kwenye kioo, limo kwenye mlango wa kamera, yaani ile pete ya chuma ambapo lenzi hufungwa. Kila kampuni ina mlango wake na lugha yake ya umeme ambayo lenzi na kamera huzungumza. Mwaka 2011 Sony ilifungua maelezo ya mlango wake, unaoitwa E, kwa watengenezaji wengine bila malipo. Walioingia ni washindani, lakini kila lenzi ya bei nafuu waliyotengeneza ilikuwa sababu nyingine ya mteja kununua kamera ya Sony.

Wawekezaji wadogo watapenda kujua kwamba Sony kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa wanahisa wakubwa wa Tamron, kampuni iliyo kwenye soko la hisa la Tokyo. Hivyo hata mteja alipokwenda kwa jirani, sehemu ya faida ilirudi nyumbani. Sigma, yenye kiwanda chake Aizu, ni kampuni ya familia na hisa zake haziuzwi sokoni.

Kwa wenye Canon na Nikon

Canon na Nikon ziliingia mwaka 2018 na milango mipya, RF na Z, na hazikuwa na haraka ya kuwakaribisha wengine. Mwaka 2022 kampuni ya Viltrox ya China iliacha kuuza lenzi zake za RF zenye fokasi ya kujiendesha, baada ya Canon kuitaka ifanye hivyo. Kwa miaka kadhaa mwenye Canon mpya ya kihisi kikubwa aliyetaka zumu ya f/2.8 alikuwa anaangaliana na lenzi ya Dola 2,300, iliyotoka mwaka 2019.

Hali hiyo ilianza kulegea. Nikon ilitoa lenzi yake ya 28 hadi 75 kwa f/2.8, iliyoingia sokoni kwa Dola 1,200, muundo wake wa vioo ukifanana sana na ile ya Tamron ya 2018. Mwezi Septemba 2024 Canon yenyewe ilitoa 28 hadi 70 kwa f/2.8 yenye kituliza mtikisiko kwa Dola 1,100. Mapema mwaka huo Sigma na Tamron zilitangaza lenzi za RF kwa ruhusa ya Canon, ila ruhusa hiyo ilihusu kamera zenye kihisi kidogo.

Linganisha sasa. Kazi ile ile ya ukumbini ilianzia Dola 800 kwa mwenye mlango E mwaka 2018. Mwenye RF wa kihisi kikubwa alisubiri hadi 2024, na akalipa Dola 1,100. Anayechagua kamera kwa kuangalia kamera peke yake hajui kuwa amesaini pia bei ya lenzi kwa miaka yote ijayo.

Mwenye Canon ana njia nyingine, nayo ni adapta. Mlango wa zamani wa EF unakubali kuunganishwa na RF kwa adapta ya Canon yenyewe, iliyotoka kwa takriban Dola 100, na fokasi hufanya kazi. Lenzi za EF zilizokwisha tumika ni nyingi kwa sababu wengi wanazikimbia kamera za kioo. Ni nzito, lakini kwa anayeanza huweza kuwa ndilo punguzo kubwa kuliko yote.

Wenye mtaji mdogo zaidi

Si lazima kuanza na kihisi kikubwa. Kwa kamera zenye kihisi kidogo, kama Sony A6400, Sigma ilitoa mwaka 2021 lenzi ya milimita 18 hadi 50 kwa f/2.8, uzito gramu 290, kwa Dola 550. Kwenye kihisi hicho hutoa upana unaolingana na 27 hadi 75. Baadaye ililetwa kwa Fujifilm, na mwaka 2024 kwa Canon.

Hapa pana jambo la kuangalia. A6400 haina kituliza mtikisiko ndani yake, na lenzi hiyo ya Sigma pia haina. Anayepiga pia video kwa mkono afikirie Tamron ya 17 hadi 70 kwa f/2.8, yenye kituliza, iliyotoka mwaka 2021 kwa Dola 800. A7 III inacho kituliza ndani, kwa hiyo mwenye nayo hana haja kubwa ya kukilipia tena.

Hesabu ya mfanyabiashara

Tofauti kati ya zumu ya Dola 2,300 na ile ya Dola 900 ni Dola 1,400. Tuseme mpiga picha ana shughuli 40 kwa mwaka, anaitumia lenzi miaka 3, kisha anaiuza kwa nusu ya bei. Lenzi ya Dola 900 itakuwa imemgharimu Dola 450, sawa na Dola 3.75 kwa kila shughuli. Ile ya Dola 2,300 itakuwa imemgharimu Dola 1,150, sawa na karibu Dola 9.60.

Kwa aliye na fedha yake mwenyewe tofauti hiyo inavumilika. Kwa anayekopa si hivyo. Akikopa hizo Dola 1,400 za ziada kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na deni likakaa zima mwaka mzima, riba peke yake ni Dola 252. Fedha hiyo hiyo ya ziada ingemnunulia flashi, betri, kadi za kumbukumbu na kamera ya akiba iliyotumika. Kamera ikizimika katikati ya kiapo, ubora wa lenzi hauna msaada. Kamera ya pili ndiyo inayookoa jina.

Kinachopotea kwa kuchukua ile ya nafuu kipo. Kuanzia milimita 28 badala ya 24 maana yake ni kuona nyuzi 75 badala ya 84, na katika sebule ndogo yenye ukoo mzima hilo huonekana. Aidha, kwenye kamera za Sony za kasi kubwa sana, lenzi za kampuni nyingine huishia picha 15 kwa sekunde. Mpiga picha za mpira alizingatie hilo. Wa harusi hana la kuhofia.

Kagua kabla ya kulipa

Bei zote zilizotajwa ni za siku za kuzinduliwa Marekani. Zinapofika Kariakoo au Luthuli, Nairobi, usafiri, ushuru na faida ya muuzaji huwa vimeongezwa. Lenzi iliyoletwa kwa mkono kutoka Dubai huweza kuwa nafuu zaidi, lakini mnunuzi aulize waziwazi dhamana yake itaheshimiwa wapi.

Kwa lenzi iliyotumika, aende na kamera yake mwenyewe. Amulike tochi kupitia vioo na kutafuta nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Hizo ni fangasi, ugonjwa wa miji ya pwani yenye unyevu, na kusafisha huweza kugharimu kuliko punguzo alilopewa. Abandike ukurasa wa gazeti ukutani, aupige kwa f/2.8, kisha alinganishe herufi za pembe nne. Pembe moja ikiwa na ukungu na nyingine safi, kioo kimehama. Huenda lenzi ilianguka. Azungushe zumu mwanzo hadi mwisho akisikiliza mchanga, na aangalie kama mdomo wa mbele umebonyea.

Kwa anayeanza leo, utaratibu ni kugeuza orodha ya manunuzi. Aandike kwanza kazi anayoifanya, kisha lenzi ya f/2.8 anayoimudu, kisha flashi na akiba. Kinachobaki ndicho cha kununulia kamera, hata kama ni ya toleo la nyuma. Mteja ataiona picha. Hatauliza kamera ilitoka mwaka gani.