Kilichofichika ndani ya gari kuukuu ni cha nani?

 

Ndugu Waislamu, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, nchi ambayo leo ni Tabora pamoja na vitongoji vyake vya Itetemia na Kwihara. Mizigo ilichukuliwa mabegani na wapagazi wa Kinyamwezi. Reli ikafika Tabora mwaka 1912, kisha yakaja magari, na magari nayo yamezeeka. Kila fundi aliyewahi kung'oa viti vya gari la miaka arobaini anajua kwamba gari halibebi abiria peke yao, bali hubeba na siri zao.

Tuitazame Land Rover ya kale, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1948. Bodi yake ni ya aluminiamu na haili kutu upesi, lakini chesisi yake ni ya chuma na tope huiozesha. Anayetaka kuifufua hulazimika kuinua bodi nzima, kutoa viti, kufungua sakafu na kubandua ngozi za milango. Hapo ndipo vinapoonekana vilivyodondoka kwa miaka mingi: pete iliyopenya pembeni mwa kiti, barua iliyoteleza nyuma ya dashibodi, tasbihi, funguo, au sarafu ya senti kumi yenye tundu katikati, ya zamani za kabla Tanzania haijatoa fedha yake yenyewe mwaka 1966. Katika magari yaliyotumika Japani hutokea sarafu za yeni, nazo baadhi zina tundu vilevile. Na huku kwetu Tabora, nchi ya asali, gari lililotelekezwa porini laweza kufunguliwa likakutwa limegeuka mzinga.

Mambo hayo huchekesha. Lakini siku ikitokea bahasha ya fedha au mkufu wa dhahabu, kicheko hukoma na swali huanza: hiki ni cha nani? Ni cha fundi aliyekiona? Ni cha aliyelinunua gari? Au ni cha yule aliyeliuza bila kujua?

Mwaka 2017, huko Uingereza, mkusanyaji mmoja wa magari ya kivita alikuwa akikarabati kifaru cha kale kilichowahi kuwa Iraq. Yeye na fundi wake walipofungua tangi la mafuta walikuta vipande vitano vya dhahabu, vilivyokisiwa kufikia thamani ya paundi milioni mbili. Ilidhaniwa kuwa viliporwa Kuwait wakati wa uvamizi wa mwaka 1990. Kifaru walikuwa wamekinunua kwa halali. Hata hivyo waliwaita polisi, wakaikabidhi dhahabu.

Waislamu tunalijua swali hili tangu zamani. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), kisa cha mtu aliyenunua kiwanja akakuta humo mtungi wa dhahabu. Akamrudishia muuzaji akisema kuwa alinunua ardhi, hakununua dhahabu. Muuzaji naye akaukataa, akidai kuwa aliuza ardhi na vyote vilivyomo. Wawili hao waligombana, kila mmoja akiikimbia mali! Mwamuzi alipojua kuwa mmoja ana mtoto wa kiume na mwingine ana wa kike, aliamua watoto waoane, mali hiyo watumiziwe na sehemu yake itolewe sadaka.

Basi tujiulize: katika gereji zetu za leo, ugomvi ungekuwa wa kukataa au wa kunyang'anyana?

Sheria yetu imetuwekea taratibu. Kwanza, fundi aliyeletewa gari ni mwaminiwa. Alichokikuta ndani ni amana, na humrudishia mwenye gari, kwani Qurani katika sura An-Nisaa, aya ya 58, imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Pili, aliyenunua gari lililotumika amuulize aliyemuuzia, na huyo amuulize aliyemtangulia. Kadi ya gari itamsaidia kuwafuata.

Tatu, mwenyewe asipojulikana, kitu hicho huingia katika hukumu ya kiokotwa. Mtume (s.a.w.) alimfundisha muulizaji akitambue chombo cha mali ile na kamba iliyofungiwa, kisha aitangaze mwaka mzima. Hekima yake iko wazi. Tangaza kuwa umeokota, lakini alama zake zihifadhi moyoni, ili anayekuja azitaje yeye. Tangazo litolewe sokoni au mlangoni mwa msikiti, si ndani, kwa kuwa kunadi vilivyopotea ndani ya msikiti kumekatazwa. Mwaka ukipita bila mtu kujitokeza, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameruhusu kukitumia, ila mwenyewe akija baadaye hulipwa. Kitu hafifu kisichotafutwa na mtu hakihitaji mwaka. Silaha na vitu vya haramu vipelekwe polisi mara moja.

Tena ardhi yetu hii imeshuhudia sura zote mbili za amana. Mwaka 1871 Livingstone alirejea Ujiji akiwa hoi, akakuta bidhaa zake zimekwisha kuuzwa na mtu aliyedai kuwa mwenye mali amekufa. Lakini alipokufa kweli, mwaka 1873, Susi na Chuma hawakugawana vitu vyake. Walimwita mwenzao aliyejua kuandika, Jacob Wainwright, aorodheshe mbele ya wote vilivyomo masandukuni. Kisha wakaubeba mwili pamoja na maandishi yake, wakapita hapa Unyanyembe, hadi Bagamoyo walikofika Februari 1874. Wangetupa mzigo huo njiani, nani angewauliza?

Hilo la kuandika mbele ya mashahidi ndilo tunalowausia mafundi wetu na vijana wanaojifunza kazi kwao. Kila gereji iwe na daftari, na kinachopatikana kiandikwe siku hiyohiyo, mbele ya watu wawili. Wazazi nao wawaulize watoto wao wanaorudi na kitu kisicho chao, hata kikiwa sarafu yenye tundu. Kijana aliyezoea kurudisha senti hatatetemeka siku atakapokutana na mkufu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuchunga amana zao. Amin.