HATARI! MBWA MKALI: Ni mkali kweli, au amechoka kufungwa?

Ukipita katika mitaa ya miji yetu, iwe Dar es Salaam, Arusha au hata Karatu, hutakosa kuona kibao juu ya lango: "Hatari! Mbwa Mkali". Mwenye nyumba hukitundika kwa fahari kidogo, kwani ukali wa mbwa ni kinga dhidi ya wezi. Lakini ndani ya lango hilo hilo wamo pia watoto wake, na siku mnyororo utakapokatika mbwa hatauliza nani mwizi na nani mtoto wa jirani.

Hebu tupande kwanza hadi Oldeani, mji mdogo wa wilaya ya Karatu ulio chini ya mlima wa jina hilo, mahali ambapo walowezi, wengi wao Wajerumani, walifungua mashamba ya kahawa baina ya Vita Kuu mbili. Juu ya mashamba umesimama msitu wa Hifadhi ya Ngorongoro, na kutoka humo huteremka nyani, nguruwe mwitu, nyati na hata tembo kuyaendea mazao ya wakulima. Mbwa wa mkulima wa huko hakosi shughuli. Asubuhi huandamana na vijana wachungao ng'ombe na mbuzi, akatembea kilometa nyingi. Mahindi yakikaribia kukomaa huwabwekea nyani. Giza likiingia hulala karibu na zizi, sikio moja likimsubiri fisi. Kiumbe aliyeshinda katika kazi kama hiyo hana hamu ya kutafuna viatu wala kumrukia kila mgeni. Simpambi kupita kiasi. Wako wanaouma huko pia, na wengine huishia kinywani mwa chui. Nisemalo ni kwamba tabia yake imejengwa na kazi yake.

Sasa mchukue ndugu wa mbwa huyo angali mdogo, umlete mjini, umfunge kwa mnyororo wa hatua tatu nyuma ya lango. Miguu ni ile ile, pua ni ile ile, kazi hakuna. Kutwa nzima huona watu wakipita, asiweze kuwafikia wala kuwakimbia. Akibweka, mpita njia huenda zake, naye mbwa hudhani ni yeye aliyemfukuza. Kesho hubweka zaidi. Watoto wa mtaani wakimtupia mawe, hofu huongezeka juu ya hasira. Huo ndio ukali ambao wengi wetu huusingizia damu ya mbwa, kumbe tumeufuga wenyewe.

Hapana budi basi kuanza na miguu. Mfanyakazi anayewahi basi la alfajiri anaweza kuamka nusu saa mapema, akatoka na mbwa wake kwa kamba kabla njia hazijajaa watu, na jioni akarudia. Si lazima wakimbie. Mwache anuse majani, nguzo na kingo za mitaro, maana pua ndiyo gazeti lake, na mbwa aliyenusa vya kutosha hurudi nyumbani ametulia kuliko aliyeburutwa kwa haraka. Kama ua umezungushiwa vizuri, mfungue wakati wageni hawapo.

Kisha mfunze. Mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kuwa mbwa aliyezoea kusikia mlio fulani kabla ya chakula hutokwa na mate kwa kuusikia mlio huo peke yake. Kwa hiyo chagua neno moja, mathalani "kaa", na watu wote wa nyumbani walitumie hilo hilo. Baba asiseme "kaa", mama "tulia" na watoto "chini". Anapotii tu, mpe kipande cha dagaa papo hapo. Ukikawia, atadhani unamlipa kwa jambo jingine. Dakika 5 mara mbili kwa siku zatosha. Na mbwa mchanga asiachishwe kwa mama yake kabla ya majuma 8. Akishafika kwako, mzoeshe mapema watoto, baiskeli na sauti za wageni, kwa upole.

Wako wanaoamini kwamba mbwa hutii fimbo tu, ili ajue nani mkubwa. Imani hiyo ilipata nguvu kutokana na uchunguzi wa mbwa mwitu wa Ulaya uliotangazwa na Rudolf Schenkel mwaka 1947. Wanyama hao walikuwa wamefungiwa pamoja, wakigombania ukubwa. Mwaka 1999 Mmarekani David Mech, aliyekuwa mwenyewe ameieneza fikra hiyo, aliandika kuwa porini kundi la wanyama hao kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Uongozi wa nyumbani ni wa namna hiyo. Chakula kwa saa ile ile, amri kwa sauti ya chini, katazo la leo lisiwe ruhusa ya kesho. Ukimpigia kelele mbwa anayebweka, yeye husikia kwamba nawe umejiunga naye.

Lipo jambo moja ambalo mazoezi hayalitibu. Mbwa mpole akibadilika ghafla, akauma ovyo, akatokwa na mate mengi au kushindwa kumeza, huenda ana kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu, karibu daima mwisho wake ni kifo, na katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, asingoje. Mbwa aliyeuma, ikiwa anaweza kuzuiwa kwa usalama, asiuawe kwa hasira. Afungiwe peke yake, daktari wa mifugo aarifiwe, na aangaliwe kwa siku 10.